Nilichora jina la mchumba wangu kwa DNA juu ya dhahabu, nikaenda kuposa Geita, baba mkwe akalitia asidi

Wakuu, habari za Jumapili.

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nitasema ukweli mtupu, maana mjomba wangu ambaye ndiye aliyenifikisha pabaya, siku hizi ana simu janja, na nina hakika yumo humu kwa jina la bandia. Nikiongeza chumvi atanianika mchana kweupe.

Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea ukingoni.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, mtoto wa ng'ombe na pamba. Nilisoma, nikafaulu, nikabahatika kupata skolashipu ya kwenda Ulaya kusomea mambo ya molekuli.

Tulieni, naeleza.

DNA mnaijua. Ule uzi mwembamba uliomo ndani ya kila kiumbe, unaofanya mtoto wa jirani afanane na wewe halafu ugomvi uanze. Sasa kazi yetu kule lab ilikuwa kuzipanga nyuzi hizo juu ya dhahabu ziwe na umbo tunalolitaka sisi. Mstari, mraba, herufi, chochote.

Kalamu yenyewe ni sindano ambayo ncha yake huwezi kuiona. Imefungwa kwenye mashine ndogo tu, unaweza kuikumbatia. Mashine hiyo haioni kwa mwanga kama darubini ya shuleni. Inapapasa, kama mtu anayetafuta kibiriti gizani, halafu kompyuta inakuchorea ilichopapasa.

Unaanza na dhahabu iliyopakwa utando wa kemikali. Ncha inakwangua ufa kwenye ule utando. Juu yake kuna maji yenye DNA, na kila uzi wa DNA umewekewa mkia wa salfa. Salfa ikikutana na dhahabu haziachani kirahisi. Basi DNA inazama kwenye ufa, inang'ang'ania hapo, na wewe umeandika.

Maandishi yote hayo kiroboto akiyakanyaga kwa kidole kimoja yamefunikwa.

Mtauliza faida yake nini. Subirini, kuna mzee aliniuliza swali hilo hilo na karibu liniue.

Sasa kabla sijaenda Ulaya nilikuwa na mchumba, Kabula. Tulikutana Shinyanga mjini akisomea uuguzi. Kwao ni Geita, Kalangalala. Baba yake, Mzee Shija, alikuwa mchimbaji Rwamgasa, akashuka mashimoni miaka mingi, akapata chake, akapanda cheo kuwa mnunuzi wa dhahabu. Mtu mfupi, mkimya, mwenye macho ya kupima.

Likizo ilipokaribia, nikapanga kurudi nyumbani kuposa. Kabula akaniambia mapema tusije tukalaumiana.

"Baba akikubali nitafurahi kuliko wewe. Akikataa, imekataliwa. Mimi sitoroki."

Akaongeza na lingine. "Na baba haamini kitu asichokishika mkononi. Hiyo kazi yako ukiieleza kwa maneno matupu utatoka patupu."

Wakuu, ushauri huo alinipa nikiwa bado kule kule, kwa simu ya kukatika katika. Nikasema hilo si tatizo, mimi kazi yangu inashikika. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi wangu nitumie mashine baada ya kazi zangu za kawaida. Nikachukua kipande cha ulanga, yale mawe yanayobanduka kama karatasi, kilichopakwa dhahabu nyembamba, kikagandishwa kwenye kisahani cha chuma chenye ukubwa wa kifungo cha koti.

Juu yake nikaandika KABULA. Kwa DNA.

Msidhani ilikuwa mchezo. Mtu akifunga mlango kwa nguvu huko koridoni, herufi inapinda. Joto la chumba likibadilika kidogo, unarudi na kukuta mstari umehama. Kuna mara niliandika vizuri mpaka L, ncha ikavunjika. Nilikaa pale nikatukana Kisukuma peke yangu, na Wazungu wakadhani naomba dua.

Lakini lilitoka. Nililiona kwenye kompyuta, limesimama sawasawa, A ya mwisho imelala kidogo kwa kuchoka kama mwandishi wake. Nilifurahi jamani. Sijawahi kumiliki kitu ninachokipenda vile.

Sasa tuje kwenye tatizo.

Kwetu sisi, anayeposa haongei. Unakwenda na mshenga. Unakaa kwenye kigoda, unatazama miguu yako, mshenga ndiye anakusemea kila kitu. Ukifungua mdomo bila kuulizwa ni utovu wa adabu, unapigwa faini, na wengine hufukuzwa moja kwa moja.

Mnaona hesabu inavyokaa? Geita nzima, mtu pekee anayejua nanografia ya DNA, yaani mwandiko huo wangu, ni mimi, na ndiye pekee niliyekatazwa kuieleza.

Mshenga wangu alikuwa mjomba Makoye. Mjomba ana mdomo. Mnadani akimsifia ng'ombe mgonjwa, ng'ombe mwenyewe anasimama wima kwa aibu. Nikajua niko mikono salama.

Tukapitia Kahama, tukalala Nyasubi kwa ndugu. Pale nikamfundisha mjomba jioni nzima. Utando, sindano, ufa, salfa, dhahabu. Akaitikia vizuri, akarudia vizuri. Asubuhi yake nikaenda duka la Mama Karim, mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa anauza vitambaa na vikorokoro, nikanunua kikasha cha pete.

"Pete iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia sina pete.

"Sasa unaweka nini humo?"

"Jina," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma, akanipunguzia bei bila kuombwa.

Njiani, juu ya lori la mchele, mjomba akanigeukia. "Mpwa, yale maneno yako nimeyafikiria. Ni makavu. Wakwe hawawezi kuyameza hivyo. Niachie mimi nitie mchuzi."

Nikasema mjomba tafadhali, sema kama nilivyokufundisha. Akanipiga bega, akacheka. Hapo ndipo ningepaswa kushuka kwenye lori.

Tumefika Kalangalala asubuhi. Mwangaluka huku, mwangaluka kule, shikamoo kwa wazee, tukakaribishwa sebuleni. Mzee Shija amekaa kwenye kiti chake, amevaa koti, wazee wawili wa ukoo pembeni. Mama Kabula na wanawake wengine wako chumba cha pili, mlango uko wazi, pazia limefungwa nusu. Kabula haonekani.

Mjomba akaanza vizuri mno. Akasifu nyumba, akasifu ukoo, akasema tumeona ndama mzuri kwenye zizi lenu na sisi tuna majani. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nami nikaanza kupumua.

Mzee Shija akauliza, "Kijana anafanya kazi gani?"

Mjomba akajiweka sawa.

"Kijana wetu," akasema, "anachukua uzi wa uhai. Ule unaomfanya mtoto afanane na baba yake. Anauvuta, anaufunga kwenye dhahabu kwa sindano. Ukishafungwa, hautoki."

Wakuu.

Wazee wa ukoo wakasogeza viti vyao nyuma.

Kwa asiyejua maeneo yale: machimboni wakati ule mganga alikuwa mtu muhimu kuliko tochi. Watu hawashuki shimoni bila kuelekezwa. Sasa wewe umekuja nyumbani kwa mtu wa dhahabu, unamwambia kwamba mkwe wake mtarajiwa anafunga uhai wa watu kwenye dhahabu kwa sindano.

"Kwa hiyo ni mganga," akasema Mzee Shija. Hakuwa anauliza.

"Hapana, hapana," mjomba akadakia. "Mganga watu wanaona anachofanya. Huyu anachokifanya hakuna anayekiona. Hata yeye mwenyewe hakioni."

Nikakohoa.

Mjomba akadhani namtia moyo. Akaendelea. "Tena anafanyia chumba kilichofungwa. Mlango ukipigwa tu, kazi imeharibika."

Nikakohoa kwa nguvu zaidi, mpaka mama mmoja akanyoosha mkono kwenye pazia na kikombe cha maji. Nikanywa. Sikuwa na kiu, nilikuwa na hasira.

Mzee Shija akaegemea kiti. "Sikilizeni. Mimi waganga nimewalisha sana. Nilipokuwa Rwamgasa mmoja alituchinjisha mbuzi weusi mpaka wakaisha kijiji kizima, na shimo likatupa maji. Nilijiapia, mganga hatakaa kwenye kiti changu. Binti yangu simpi mtu wa namna hiyo. Kuleni chakula, mpumzike, mrudi salama."

Imeisha hiyo. Kabula alikuwa nyuma ya ukuta ule anasikia kila neno, na mimi nimekaa kama gogo natazama vidole vya miguu yangu. Nilitaka kulia, sioni aibu kulisema.

Mjomba naye akagundua mchuzi umezidi chumvi. Akaninyooshea mkono chini chini. Nikampa kile kikasha.

"Mzee," akasema kwa unyenyekevu, "kabla hujatufukuza, kijana kaleta kazi yake uishike mwenyewe."

Mzee Shija akafungua. Akaona kidude kinachong'aa njano.

Hapo akabadilika. Mganga kasahauliwa, mkwe kasahauliwa. Akakitoa, akakielekeza dirishani, akakigeuza, akakipima kiganjani, akakinusa. Akakisugua kwa kidole gumba, na moyo wangu ukasuguliwa pamoja nacho.

Kisha mkono wake ukaingia mfuko wa koti, bila haraka, kama mtu anayetafuta leso. Ukatoka na kichupa.

Wanunuzi wa dhahabu wanakijua kichupa hicho. Asidi. Anayeuza shaba iliyopakwa rangi, tone moja linamuumbua. Mzee Shija alikuwa na mazoea hayo mpaka kwenye damu, kitu cha njano kikiingia mkononi mwake lazima kionje asidi. Nina hakika hata hereni za mke wake zilipita huko.

Akafungua kizibo.

"Baba, usitie!" nilipiga kelele.

Tone lilikuwa limeshadondoka.

Akatazama. Akasubiri. Dhahabu haikubadilika hata kidogo. Akafuta kwa kitambaa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Dhahabu safi," akawaambia wazee wenzake. Dhahabu ni kweli haina habari na asidi ile. Ila DNA ilikuwa imeshaliwa, utando umevurugika, jina limekwenda. Ile A iliyolala na yenyewe imekwenda.

Ndipo mmoja wa wazee akauliza, "Hivi nani kapiga kelele?"

Wote wakanigeukia. Mjomba akafunika uso kwa kofia.

"Anayeposa kaongea," mzee akasema. "Tena kamkemea mkwe. Hiyo ni mbuzi."

"Ni mbuzi," mwingine akakubali, kwa furaha ya mtu anayependa nyama.

Mzee Shija akafunga kizibo cha kichupa. "Umeshaliwa mbuzi mmoja, hutaliwa wa pili," akasema. "Sasa maliza. Kwa nini nisitie?"

Basi nikaongea. Nilichoka kutafsiriwa. Nikamwambia, "Baba, kule Rwamgasa mlikuwa mnatumia zebaki. Dhahabu imejichanganya na mchanga, huioni, lakini zebaki inaitafuta na kuishika. Salfa nayo ndivyo ilivyo. Mimi nafunga salfa kwenye uzi mdogo, uzi unakwenda kushika dhahabu pale nilipokwangua tu. Hakuna dawa, hakuna mizimu. Ni mwandiko."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Zebaki anaijua kuliko mimi.

"Inasaidia nini?"

Lile swali sasa. Mjomba alinitazama kwa macho ya kuomba nidanganye.

"Huko mbele huenda ikasaidia," nikasema. "Mtu adondoshe damu kwenye kitu kama hicho, kimwambie ugonjwa wake hapo hapo."

"Lini?"

"Sijui."

"Kwa sasa inafanya nini?"

"Kwa sasa haifanyi kitu, baba. Tunajifunza kuandika tu."

Mjomba akaguna kama mtu aliyekanyagwa.

"Na hapa ulikuwa umeandika nini?"

"Jina la Kabula."

"Lipo?"

"Umeliosha," nikasema, nikafuta macho kwa mkono wa shati. Sikuwa naigiza. Nilikumbuka zile ncha zilizovunjika, ile milango ya koridoni, na leo kitambaa kimoja tu kimefuta kila kitu.

Mzee akakigeuza kile kisahani kiganjani. Kisha akaita, "Kabula."

Akaja, akapiga magoti pembeni ya mlango, hakunitazama.

"Huyu unamfahamu?"

"Namfahamu, baba."

"Kazi yake umewahi kuiona?"

"Sijaiona."

"Utaishije na mwanaume ambaye kazi yake hujaiona?"

Akaweka kanga yake sawa. Halafu akasema kwa adabu kabisa, macho chini. "Mama naye ya kwako hakuiona, baba. Ulisema mwanamke akisogelea shimo dhahabu inakimbia. Hakuwahi kufika. Lakini mlikaa."

Wazee wakaanza kutazama paa. Mjomba akaondoa kofia usoni asipitwe.

Mzee Shija akageukia pazia. "Mama Kabula, unamsikia mwanao?"

"Namsikia," sauti ikatoka.

"Wewe uliamini nini miaka yote ile? Si ningeweza kuwa nakudanganya?"

Mama Kabula akatoka, anafuta mikono kwenye kanga. Mwanamke mkubwa, mpole, hana haraka.

"Mimi niliamini tope la suruali zako," akasema. "Nilikuwa nafua mimi. Siku ukirudi hujapata kitu, nilikuona usoni kabla hujafika mlangoni, nikajua huyu katoka kazini." Akanielekeza kwa kidevu. "Na huyu nilikuwa namchungulia hapa. Ulipotia ile asidi yako nimeuona uso wake. Ni ule ule wa kwako shimo lilipotoa maji. Kazi anayo huyu. Sijui ni kazi gani, lakini anayo."



Mzee Shija akainama, akakirudisha kile kisahani kwenye kikasha taratibu sana, akakifunga. Nikadhani anakirudisha kwangu, nikanyoosha mkono. Hakunipa. Akakitia mfuko wa koti.

"Mbuzi wa faini aletwe," akasema. "Na mengine tuzungumze na mshenga. Kijana anyamaze sasa, kaongea vya kutosha."

Wakuu, nilinyamaza kwa raha zote. Nyuma ya pazia akina mama wakapiga vigelegele. Kabula akanyanyuka kwenda jikoni, na alipopita mbele yangu akanikanyaga mguu makusudi, kwa nguvu. Mpaka leo anasema ilikuwa bahati mbaya.

Tukaoana. Akaja naye kule Ulaya, nikamwingiza lab, nikamwandikia jina upya mbele ya macho yake. Akatazama kompyuta, akasema, "Hiyo L imepinda." Nesi huyo hana huruma.

Miaka kadhaa baadaye tukarudi likizo, nikamkuta mzee kwenye duka lake la dhahabu na mteja. Kile kisahani kakiweka kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu.

"Hiki unauza?" mteja akauliza.

"Hakiuzwi. Kimeandikwa jina la binti yangu."

Mteja akainama, akakodoa macho. "Mzee, mbona mimi sioni kitu?"

"Huwezi kuona wewe," Mzee Shija akamjibu bila kugeuka. "Mkwe wangu ndiye anajua kuliandika."

Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa zawadi. Nilikuwa najua, na yeye anajua kwamba najua, kwamba pale juu hapajabaki hata herufi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitolea kiti, nikakaa.

Nilichojifunza: ukiwa na kazi ambayo watu hawaioni, usipoteze muda mwingi kutafuta maneno makubwa. Waambie ukweli, hata sehemu ile inayokuaibisha. Na usimpe mnunuzi wa dhahabu kitu cha njano ukidhani atakitazama tu.

Mjomba, kama umefika mpaka hapa, usibishe. Ule mchuzi ulikuwa wa kwako.

Wengine ambao mmewahi kusemewa na mshenga mpaka mkatamani ardhi ipasuke, karibuni hapa chini mmwage ya kwenu. Nasoma yote nikiwa na kahawa yangu.